Safu ya Tatu ya Daftari la Wakili

Marehemu, ambaye wateja walimwita Mzee Daftari, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa. Alisoma shule ya reli, akahitimu sheria mwaka 1976 na kuapishwa kuwa wakili miaka mitatu baadaye.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Kila mteja mpya aliulizwa kwanza, "Nani kakuelekeza huku?" na jibu likaandikwa kwenye safu ya tatu ya daftari. Mteja akiridhia, aliyemwelekeza alipelekewa barua ya shukrani, basi, maana wakili haruhusiwi kununua wateja. Kinyozi aliyemletea watu saba alipodai chai yake, marehemu alikaa kitini, akanyolewa nywele zake za kuhesabika, akalipa bei ya kila mtu. "Chai yako ndiyo hiyo, ndugu yangu. Nikikulipa, utaniletea hata wale nisiowaweza."

Alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya wazazi tarehe 12 Aprili 1980, wakajaliwa watoto watatu. Mwana wa kiume alipoapishwa uwakili mwaka 2015, marehemu alilia mbele za watu, akampa meza ya dirishani ofisini mwake.

Tangu Januari 2023 safu ya tatu ilianza kumtia hofu. Wateja wapya, wengi wao majeruhi, walipoulizwa waliinamisha macho. "Kuna mtu tu, kule wodini." Mwanawe alipoulizwa alisema, "Sifa zako zinatembea, baba." Tangu siku hiyo chakula kilianza kumshinda marehemu.

Tarehe 9 Juni alilazwa kwa maradhi ya figo. Kesho yake mbeba machela mmoja alimwinamia kitandani.

"Mzee, una wakili? Nina mtu wa uhakika."

Kadi aliyompa ilikuwa ya ofisi yake mwenyewe, yenye namba ya simu ya mwanawe.

"Anakulipa?"

"Kwa kila kichwa, mzee."

Alimwagiza mkewe daftari. Alijiandika mteja mpya, na kwenye safu ya tatu akaandika: "Mwanangu." Akausia ukurasa huo usomwe hapa mazikoni, mwanawe akiwepo. Alifariki tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mwana mmoja, wakili, anayetarajiwa kufungua ofisi Jumatatu. Mjane atakuwa akimngoja mlangoni, daftari mkononi mwake.

Lala kwa amani, baba. Ukurasa wako tumeusoma.