Maisha ya Klai Nuansang na Yangeyange wa Rangi ya Waridi

Waheshimiwa watawa, ndugu, majirani, na nyinyi wa chama cha mashua mliojibanza nyuma karibu na sufuria za mchuzi, mimi ni Kop, mjukuu wa marehemu, niliyeacha shule kidato cha pili na bado nasoma kwa sauti kuliko mwalimu yeyote aliyepo hapa, na nasema mapema kwamba babu yangu hakuwahi kukosea jina la ndege hata mara moja, asiyeamini asimame sasa hivi tumwone. Hakuna? Basi naendelea.

Marehemu Klai Nuansang alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 hapa hapa Ban Khuan Phrik, ukingoni mwa ziwa Thale Noi, mkoa wa Phatthalung, akasoma katika shule ya hekalu hili kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, akaishia darasa la nne na kuingia ziwani kuvua pamoja na baba yake, kwa hiyo wanaonicheka mimi kwa kuacha shule wamcheke na yeye, jeneza lake lile pale.

Tarehe 18 Aprili 1971 alimwoa bibi yangu Iad, msukaji wa mikeka ya nyasi za ziwani, wakajaliwa watoto wawili, Prathip ambaye ni baba yangu, aliyezaliwa mwaka 1973, na shangazi Somjai, aliyezaliwa mwaka 1978.

Tarehe 2 Juni 1976 aliajiriwa kuwa mlinzi wa ndege ziwani, akastaafu mwaka 2007, kisha akaongoza wageni kwa mashua yake namba kumi na nne, na katika miaka yote hiyo hakumwamini mtu, awe profesa kutoka Bangkok au mtawa, kwani kila aliyekuja mbio akisema ameona ndege mgeni, mweupe pee au mweusi tii, aliulizwa, "Rangi iache kwanza, mdomo ukoje, miguu ikoje, anatembeaje, na anakula na nani?", na watu tisa kati ya kumi walirudi nyumbani wakiwa na ndege yule yule wa kila siku, ila amezaliwa na manyoya yaliyokosa au kuzidi rangi.

Mwezi Februari 2018 akatokea yule ndege wa rangi ya waridi, mnamkumbuka, msijifanye, maana nyinyi ndio mliomtundikia mashada ya maua kwenye nguzo ya gati na kuhesabu hatua zake mpate namba za bahati nasibu, na mimi, mwenye mashua ya wageni, ndiye niliyempiga picha ya kwanza, ikasambaa nchi nzima, wengine wakasema ni heroe kapotea njia, mashua zikajaa wageni hadi mama muuza wali akakosa pa kuweka meza yake. Babu alimtazama asubuhi moja tu, akasema, "Huyo ni yangeyange, vidole vya manjano hivyo hamvioni? Kachovywa rangi." Akaeleza kwamba rangi ya kuzaliwa huanzia kwenye shina la unyoya, na yeye alikuwa ameokota unyoya wenye shina jeupe na ncha ya waridi, tena ndege mwenyewe alikolea tumboni kuliko mgongoni, kama aliyesimama mahali akaloa.

Akaanza kuchungulia mitaro ya nyumba zote zinazochovya nyasi za mikeka kwenye rangi, akiinama na kunusa, na kijiji kikamgeukia, Mama Phit akimpigia kelele dirishani, "Mzee Klai, unatafuta ndege au unatafuta chupi zangu?", naye akijibu, "Hizo zinaonekana toka ng'ambo ya ziwa, dada yangu." Tuache kucheka. Kila mtu alimshuku kwamba anataka kutuharibia riziki, naye alimshuku kila mtu, na hata leo nikiwatazama humu ndani naona nyumba tano zenye mapipa ya rangi, na kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Tarehe 11 Machi 2018 chama kiliketi, Mwenyekiti Wian akamwuliza, "Kama ni rangi, Mzee, nani kaimwaga?", Babu akafunga daftari lake la ndege akalitia kwapani, ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi ninayeishi naye kuniuliza kuhusu macho yake, nikasema macho yamekwisha, jana kavaa ndala za Bibi, mkacheka, mkamnyang'anya namba kumi na nne, na hakuongoza tena mashua.

Mwezi Agosti 2019 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu katika hospitali ya mkoa, akafariki tarehe 26 Novemba 2019 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na miwili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku zote hizi, Mama Phit akiwemo, walinzi wenzake wa zamani, na chama cha mashua kwa shada la maua.

Karatasi aliyoniandikia baba inaishia hapa, lakini kuna kipande hakimo. Rangi niliimwaga mimi, ya pipa la Bibi, kwa ndoo yangu, kwenye mtaro wa nyuma badala ya shimoni, mara ya kwanza kwa uvivu, mara ya pili na ya tatu, mvua ilipomsafisha ndege, kwa makusudi, kwa sababu wageni walikuwa wanapanda mashua yangu. Macho ya Babu hayakuwa na tatizo lolote, ndala zile nilizitunga. Wiki aliyofariki alinituma nimletee daftari lake la ndege, nikalifungua njiani, nikakuta ule unyoya umegundishwa, na chini yake ameandika kwa mkono wake, tarehe 9 Machi, siku mbili kabla ya kikao: "Yangeyange wa kawaida. Ndoo ya Kop." Alijua, akaketi mbele yenu akanisikiliza nikimwita kipofu, akavaa ndala zake akaenda nyumbani. Nilimpelekea daftari likiwa limefungwa, naye akaliweka chini ya mto.

Mwenyekiti Wian, iandikwe kwenye kitabu cha chama kwamba aliona sawasawa. Lala salama, Babu.