Nilifaulu kwa Mdomo Kabla ya Matokeo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitika kama watu waliotoka kwenye zamu ndefu. Najua, na mimi nimetoka huko huko. Asifiwe tena!

Naitwa Rehema, mwenyeji wa Njombe, mlinzi huku Uarabuni kwenye jengo moja la ofisi kule Jumeirah Lake Towers. Kwa miaka minne nimewafungulia watu mlango huku moyoni nikitaka kitu kimoja tu: kusomea uuguzi. Mwaka jana nilijiandikisha kufanya mtihani wa kuingilia vyuo vya ng'ambo. Nilisoma ndani ya basi la kampuni kila siku, kutoka Al Quoz tunakoishi kwenda kazini na kurudi, kitabu cha hesabu magotini.

Nilipomaliza mtihani, matokeo hayajatoka, nilisimama hapa mbele yenu. Wageni, mjue desturi yetu: ukiomba jambo, unashukuru kabla halijaja. Wenzangu husema, "Napokea kwa imani." Mimi sikuishia hapo. Nilisema, "Nimefaulu, tena kwa alama za juu!" Mkapiga vigelegele. Dada Prossy, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, akapika pilau. Ndugu zangu, tulikula pilau ya uongo!

Matokeo yakaja. Kusoma, afadhali. Hesabu, aibu tupu! Kila mliponiuliza nilijibu, "Mungu ni mwema," nikakimbilia basi. Ni mwema kweli, lakini hilo silo mlilouliza.

Nilikuwa naomba vyuo vitatu. Kimoja kililazimisha alama. Viwili viliandika wazi kwamba kutuma alama ni hiari. Usipotuma, watapima vyeti vya shule, barua za wanaokujua na kazi uliyofanya. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliganda. Nikituma, nimejiharibia kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipotuma, najiona mwongo mara ya pili. Nilifunga, nikaomba, nikalia chooni kazini mpaka sir, msimamizi wa zamu, akauliza kama naumwa. Zilibaki siku chache maombi ya vyuo yafungwe, na fomu zote tatu zilikuwa tupu.

Mwisho nikamweleza Prossy yote. Kwanza alicheka, Mungu anamwona!

"Banange, jamani Rehema! Hicho chuo kimekuuliza ulipata ngapi?"

"Hakijauliza. Kimesema nikitaka nitume, nisipotaka niache."

"Sasa uongo uko wapi? Chuo hujakidanganya, dada. Waliodanganywa ni sisi."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma! Mwiba ulikuwa mguuni, na mimi nilikuwa nafunga bandeji mkononi.

Ijumaa ile, siku yetu ya ibada, nikasimama hapa mbele yenu, nikasema: hesabu nimefanya vibaya, na niliwadanganya. Kisha kaka yetu fundi cherehani wa Satwa akainuka, akasema ile kazi mpya aliyoshuhudia kuwa amepewa, hata yeye hajaipata bado. Tulicheka mpaka machozi, tukaombeana. Siku ile nilifunguliwa! Hofu iliyonikaba wiki nzima iliniachia, haleluya!

Kesho yake nilijaza fomu wakati wa chai. Vile vyuo viwili sikuvitumia alama, na roho yangu ilitulia kabisa. Kile kilicholazimisha nilikitumia zilezile, bila kuongeza wala kupunguza.

Leo nimekuja na majibu. Kile kilichoona alama kimesema hapana. Ndiyo, nashuhudia hapana! Nililia, nikala, nikaenda kazini. Zamani ningewaambia bado nasubiri. Lakini kimoja kati ya vile viwili kimeniita kwenye mahojiano Jumanne, kwa video. Sijui watasemaje. Niombeeni niseme ukweli bila kutetemeka, nisitie chumvi. Na hesabu nimeanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, maana nesi asiyejua kugawanya dozi ni hatari kwa mgonjwa.

Nawashukuru kwa kunipokea. Namshukuru Prossy na kicheko chake. Zaidi namshukuru Yesu, aliyezijua alama zangu kabla yangu na hakuniacha. Ndugu yangu uliyekaa hapo, labda na wewe kuna jambo unalolifunika kwa "Mungu ni mwema". Mwamini! Mpelekee jinsi lilivyo. Hakusubiri tufaulu ndipo atupende.