Jozi Aliyokataa Kushona

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mzee Vénuste Cyiza, fundi viatu wa Kituo cha Viungo cha Umutuzo hapa Nengo, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wengi tunamwita Papa Igihozo, kwa jina la binti yake wa kwanza. Amewavisha watu wenye mguu mmoja mfupi, wenye visigino vilivyopinda, na hata waliofika wakibebwa mgongoni wakarudi nyumbani wakitembea.

Alizaliwa Masisi, akajifunza ufundi Goma, akaanza kazi kwetu mwaka 1996 akiwa na nyundo moja na kigoda cha kuazima. Kiswahili chake ni kilekile cha Kongo, ng'ambo ya mpaka, na sisi tuliokulia Tanzania tumejaribu kukinyoosha tukachoka wenyewe. Yeye husalimia miguu kwanza, uso baadaye. Katika harusi ya mhasibu wetu alimwona bibi harusi akiingia kanisani, akanong'ona kwamba kiatu cha kushoto kinambana. Kabla keki haijakatwa, bibi harusi alikuwa pekupeku.

Miaka yote hiyo alikataa kushona jozi moja tu, na kwa kukataa huko tunajivuna mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 2019. Mukandayisenga, mshonaji nguo wa soko la Mahoko, alikuwa na mguu wa kulia usiosikia. Yeye ameshaacha kushona, mguu unaendelea kukanyaga, cherehani inakimbia yenyewe. Mara mbili sindano ilimtoboa kidole. Majirani wakasema cherehani ina pepo. Ikaombewa. Akabadilishana na jirani, na ile ya jirani nayo ikaingia wazimu, huku ya kwake ikitulia kwa jirani kama mtoto aliyeshiba. Alipofika kwetu, mwandishi wa mistari hii, Drocella wa chumba cha mazoezi, alimtazama haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, akaandika kwenye faili: wasiwasi. Na kwa kuwa ncha ya kiatu chake ilikuwa imelika, akamtuma karakana akashonewe jozi imara.

Papa Igihozo akauweka mguu juu ya karatasi, akauzungushia penseli kama kawaida yake. Mstari ukatoka na meno kama msumeno. Akamkalisha, akalikunja goti kidogo, akausukuma unyayo juu kwa ghafla na kuushikilia hapo. Ukaanza kupiga mkononi mwake, mdundo mmoja, sawasawa. Akahesabu hadi thelathini, haukukoma. Akaulegeza, ukatulia. Mtu mwenye wasiwasi hatetemeki kwa mpango namna hiyo.

Alijulia wapi? Karakana na chumba cha mazoezi vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Kila mwaka Drocella huwafundisha wanafunzi kwamba msuli ukivutwa ghafla hujibu kwa kujikunja, na ubongo, kupitia uti wa mgongo, ndio huuambia kwamba inatosha. Njia hiyo ikibanwa, msuli hukosa wa kuutuliza, hujikunja na kulegea, tena na tena. Upande wa pili mtu alikuwa akigonga misumari na kusikiliza. Tangu aliposikia somo hilo aliujaribu kila mguu aliopima, wala hakumwambia mtu.

Alingoja wanafunzi watoke, akaiweka karatasi mezani kwa Drocella, ambaye naye humwita kwa jina la mtoto wake. "Mama Umuhire, mi niko mutu wa viatu tu. Lakini muguu hii haiko na woga. Mutu anaweza sema bongo, anaweza danganya, muguu hapana. Kiatu sitashona." Drocella aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akainuka akaenda kumpima mgonjwa upya.

Picha zilizopigwa Kigali zilionyesha kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wiki chache zaidi, daktari aliandika, na miguu yote miwili ingepooza. Mukandayisenga alipasuliwa, akameza dawa mwaka mzima, akarudi akitembea. Papa Igihozo akamchora tena, na safari hii mstari ukatoka laini. Ndipo akamshonea viatu, tena vyekundu, kama mwenyewe alivyotaka. Karatasi zote mbili zimetundikwa karakana.

Koti la kijivu alilovaa leo limeshonwa na Mukandayisenga, kwa cherehani ileile iliyosingiziwa pepo, na kwa mguu uleule.

Katika ukarabati wa mwaka huu ukuta wa mbao ulikuwa ubomolewe, yajengwe matofali. Drocella ameomba ubaki, na uongozi umekubali. Fundi mpya anaanza Jumanne, na benchi lake limewekwa palepale.

Papa Igihozo, tunakushukuru kwa mioyo yetu yote. Tunakuombea siku nyingi za afya na furaha huko Rubona, wewe na Mama Igihozo. Na hili lisikie bila ukuta katikati: mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha ni wewe, na sikujua kwamba upo darasani.