Zablon Okemwa Nyamongo: Kanda za Wateja Kwanza, Yake Mwisho

Zablon Okemwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 karibu na Keroka, mtoto wa pili wa Mzee Nyamongo. Mama yake alipenda kusema kwamba alizaliwa bila haraka, na hiyo haraka hakuwahi kuipata maishani.

Alifanya mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi mwaka 1976 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1980. Mwaka uliofuata alimfuata mjomba wake aliyekuwa na studio ya picha Homa Bay, akajifunza kazi kwake.

Mwaka 1990 alifungua studio yake mjini Migori, kamera ya kanda begani. Kuanzia Sori hadi Masara, alirekodi harusi na mazishi yasiyohesabika. Kamera hizo zilipopitwa na wakati, wenzake walizitupa. Yeye alianza kuhamisha kanda kuukuu ziingie kwenye flashi na simu. Kazi hiyo haina njia ya mkato: kanda ya saa mbili huchezwa saa mbili, na Zablon aliitazama yote. Mteja akinung'unika, alimtuliza: "Pole pole, mama. Mzee wako amengoja humu miaka ishirini. Tukimharakisha atakatika." Kitu kimoja tu kilimwondoa kitini. Wingu likianza kunguruma, alifunga duka na kukimbia nyumbani. Sokoni walimwita mwoga wa radi, naye hakubisha.

Tarehe 11 Julai 1993 alifunga ndoa na Nyanchoka mjini Homa Bay. Bwana harusi hawezi kujirekodi, basi kamera alipewa rafiki yake Abdullah, muuza vitambaa, ambaye hakuwa amewahi kushika kamera. Abdullah alisahau kutoa kifuniko cha lenzi. Dakika kumi na moja za mwanzo ni giza tupu, na utani wake ameubeba hadi leo. Kila tulipoitazama kanda hiyo, sehemu ya giza tuliiruka.

Mama mzazi wa Nyanchoka alifariki mwaka 1995, na hakuna aliyebaki na sauti yake. Nyanchoka aliiogopea kanda ya harusi kama kumbukumbu pekee ya siku ile, akamwomba mumewe aihamishe kabla haijaharibika. Jibu lilikuwa lile lile: "Za wateja kwanza, Mama Emmah." Waligombana kwa jambo hili, tusifiche.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 alimwambia binti yake Emmah, "Leta ile yetu." Kuvu ilikuwa imeshaila pembeni, na huenda ingecheza mara moja tu. Zablon hakuwa na nguvu tena, kwa hiyo Emmah aliipangusa kanda kwa pamba huku baba akimwelekeza na Nyanchoka akitazama.

"Baba, hapa ni giza tu. Nikate?"

"Wachana nayo. Sijawahi kata giza ya mtu bila kusikiza."

Wakasikiliza. Sauti ya mwanamke ikatoka karibu kabisa, kwa Ekegusii: "Zablon, huyu mtoto wangu huogopa radi. Usimwache peke yake mvua ikija."

Sauti ya kijana ikajibu: "Sitamwacha, Mama."

Nyanchoka alilia kwa kusikia sauti ya mama yake baada ya miaka thelathini. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Emmah, mbona hukuwahi niambia?"

"Nilidhani unajua. Si kila mvua nilikuwa nafunga duka nakuja?"

Zablon alituacha Jumanne asubuhi, tarehe 11 Machi 2025, Nyanchoka akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Nyanchoka, watoto wake Emmah na Tony, wajukuu watatu, na Abdullah, ambaye tumemsamehe kifuniko kile na tunamshukuru. Watoto wamekubaliana zamu zao za mvua.

Lala kwa amani, Zablon. Wingu likinguruma, kuna mtu atafunga kazi yake aende kwa Mama.