Kiwanja cha Bwana Afya Huko Ilambo

Tarehe 30 Juni 1979 Ndugu Melkizedek Lugome, Bwana Afya wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Alianza mwaka 1951 akiwa mchanja ndui, akipanda milima ya kwao Vidunda kwa miguu, sanduku la dawa begani. Leo ndui haionekani tena kwetu. Sehemu ya sifa hiyo ni yake, atake asitake.

Tuliofanya naye kazi Kilosa na Mikumi tunamjua kwa ukali wake na kwa baiskeli yake isiyo na breki. Kule Mikumi wenye nyumba za wageni wakiisikia tu inakuja, mafagio yanatoka. Vyoo hakuvikagua kwa daftari. Alifika kwa mtu, akasalimia, akaketi, kisha akaomba kwenda msalani. Nani atamnyima mgeni? Hapo ndipo ilipojulikana nani amechimba choo cha kutumia na nani cha kuonyesha. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, siku moja aliomba choo nyumba kumi na tatu kabla ya saa sita. Jamani, tulicheka!

Lakini mwenyewe hatatusamehe tukiandika ya kuchekesha tu. Mwaka 1974, watu walipohamia kijiji kipya cha Ilambo, upande wa Msowero, yeye ndiye aliyepima mahali pa kisima na vyoo. Kazi ilikuwa ya haraka. Mstari mmoja wa vyoo uliangukia kwenye mteremko, upande wa juu wa kisima. Aliona, akaitia ramani sahihi hivyo hivyo. Masika yalipokuja, uchafu ukateremkia kisimani, na kuhara damu kukaua watoto saba. Wawili walikuwa wa Mama Costancia.

Hakuna aliyemuuliza. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Yeye akaomba mkutano wa kijiji, akasimama, akasema sahihi ile ni yake, aliona na akanyamaza. Nilikuwepo, mimi mkunga Yudith ninayeandika haya. Mama Costancia aliinuka akaondoka bila kumtazama.

Kesho yake Bwana Afya alishika sururu. Alifukia kisima kile, akachimba kingine pamoja na wanakijiji, akahamisha vyoo. Kwa zaidi ya miaka minne, kila Alhamisi, alikwenda Ilambo kutia dawa kisimani, na kila Alhamisi alimsalimu Mama Costancia asiitikiwe. Choo cha mama yule ndicho pekee ambacho hakuthubutu kukiomba.

Alipokaribia kustaafu aliomba kiwanja Ilambo. Tulimsihi arudi kwao milimani, akakataa katakata. Halmashauri ya kijiji ikakaa na barua yake miezi miwili bila jibu. Akakonda. Tulimwonea huruma kweli.

Jumanne iliyopita Mama Costancia alifika ofisini kwetu kwa miguu, ametumwa na halmashauri kuleta jibu. Kiwanja amepewa, hatua sitini kutoka kisimani, upande wa chini. Ila asijenge nyumba kabla ya choo. Na choo kikiisha, mama akasema, atakuja yeye mwenyewe. Atasalimia, ataketi, kisha ataomba kwenda msalani.

Bwana Afya alikwenda nyuma ya stoo ya dawa, akakaa huko peke yake mpaka saa nane. Sururu yake imeshatangulia Ilambo.

Ndugu Melkizedek, tunakushukuru kwa kila mlima uliopanda kwa ajili yetu. Kaa Ilambo kwa amani, na kila salamu utakayotoa huko iitikiwe.