Foto Yenye Haikusema Kitu

"Mama, mu hii foto muko nini?"

Wasikilizaji wapendwa, jirani yangu aliniuliza hivi siku moja, kule Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi. Jirani huyo ni muzee wetu, Tata Apollinaire. Leo tunamukumbuka yeye. Tata Apollinaire amekufa. Tulimuzika siku kumi na mbili zilizopita. Alikuwa kipofu, surua ilichukua macho yake akiwa mutoto wa miaka mine.

Mwaka wa 2017 alikimbia vita, akavuka ziwa. Kulikuwa na mitumbwi miwili. Yeye walimupakia katika wa kwanza. Binti yake Pierrette, wa miaka kumi na moja, walimubakiza kwa wa pili. Aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa namushika mukono. Mutu mumoja akasema, tata, achia, mutumbwi umejaa. Nikaachia." Mutumbwi wa kwanza ulifika, wakamupeleka Kenani, kambi ya mapokezi, kiisha Mantapala. Wa pili, upepo uliusukuma kaskazini. Nasema tena, wapendwa: alikuwa na binti mumoja tu, na mukono ule aliuachia yeye mwenyewe.

Kiisha akapata telefone yenye kusoma kwa sauti. Unaigusa, inakusomea maandishi. Lakini foto haiwezi kuisoma. Inasema tu "foto", inapita.

Sasa, biro moja ya kutafuta jamaa waliopotea ilikuwa na tovuti yake, ule ukurasa mutu anafungua kwa telefone. Mayina ya watoto waliandika kwa karatasi. Karatasi wakaipiga foto. Foto wakaiweka katikati ya foto za visima na za wageni wao. Telefone ya Tata ikasema: "Foto. Foto. Foto."

Njo alikuja kwangu. Mimi nilikuwa naanika chisense, zile samaki ndogo, na mvua inakaribia. Bwana yangu alikuwa amekufa mwaka ule, kazi yote ilikuwa juu yangu. Niliangalia haraka. Maandishi madogo, mayina chini ya mayina.

"Ni mayina tu ya batu, tata."

"Mayina gani?"

"Ni mingi. Kesho nitakusomea."

Akasema asante. Kesho sikumusomea. Kesho kutwa pia. Yeye mutu wa haya, hakurudia kuuliza.

Mwaka uliofuata walituita kwa mukutano. Mufanyakazi mumoja wa biro ile, Ba Thandiwe, alikuwa anaonyesha mambo kwa projekta, ukutani. "Kama munavyoona hapa," akasema. Tata akainua fimbo, akamuita kwa heshima:

"Mukwai, mimi siko naona. Hapa ni wapi?"

Watu wakacheka. Mwanaume mumoja nyuma akasema, "Tata, ni ukuta!"

"Ukuta naujua, nimeugonga na kichwa mara mbili. Nauliza juu yake kuko nini."

Wote wakacheka, lakini Ba Thandiwe hakucheka. Alizima projekta, akavuta kiti, akakaa karibu naye. Tangu juma lile Tata akawa mwalimu wake. Alimufundisha: ukionyesha kitu, kitaje. Ukiweka foto, andika chini yake ni foto ya nini. Mayina yaandike kwa herufi, usiyapige foto. Ukiweka video, andika maneno yake, juu ya wale wasiosikia. Kila ukurasa aliupima na telefone yake. Ikinyamaza, anasema: "Huyu angali bubu, mukwai. Rudia." Wakubwa wa biro walichoka naye. Yeye hakuchoka.

Ba Thandiwe akaanza kuandika upya liste zote za mayina za zamani. Siku moja saa nane, mimi nikiwepo, telefone ikasoma:

"Kumi na ine. Pierrette. Baba yake ni Apollinaire, kipofu. Mutoto yuko Puta."

Wapendwa, telefone haijui huzuni. Iliendelea: kumi na tano, kumi na sita. Hakuna aliyeizima. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa liste ya ile foto. Miezi kumi na mine ilikuwa imepita.

Tata na Ba Thandiwe wakaenda Puta, kule kaskazini ya ziwa. Mama aliyemulea mutoto akawaambia: "Alingojea sana. Kila mutumbwi ukifika, anakimbia kuangalia. Mwaka ukapita, akasema, baba amekufa. Akavuka na wauza samaki." Kule ngambo ya ziwa yuko mahali gani, mama yule hakujua.

Tata hakunikaripia. Aliniambia neno moja tu: "Mama, haukudanganya. Yalikuwa mayina." Nilisali juu ya neno lile, nilifunga, nilitubu. Hata leo, mutu akihesabu karibu yangu, hata vikombe, akifika kumi na ine ninatoka inje.

Kila siku ya Mungu, kiisha ibada, Tata alikaa mulangoni kusikiliza liste mupya. Alifanya hivi mpaka homa ilipomulaza. Ba Thandiwe aliandika habari ya kifo kwa herufi, akaisoma pia kwa sauti. Ikavuka ziwa, ikafika Kilwa, ule muji wa ngambo, kwa telefone ya muuza samaki. Pierrette akaisikia. Alifika siku ya tano kiisha maziko.

Yuko hapa katika studio, anakaa mbele yangu.

Pole sana, mwanangu. Pole kwa jamaa yote, pole kwa Ba Thandiwe. Na sisi tulio na macho, leo tujiulize: ni nani alituomba tumusomee, tukasema kesho? Tumuendee kabla ya mvua.

Pierrette, mimi njo nilishika ile foto, sikumusomea baba yako. Haukulijua hili, ninalisema mbele ya wote, na mbele ya Mungu. Uko na neno kwangu?

Wasikilizaji wapendwa, nitawaambia kile ninaona. Ametoa vile vyombo vya kusikilizia masikioni, ameviweka kwa meza. Ananiangalia. Hana machozi. Amesimama, amefunga vizuri kitambaa chake kichwani. Anatembea. Amefungua mulango.

Ametoka.