Mwalimu Jepkemboi na Jumamosi Tatu Nilizomnyima

“Ulimwonea wivu akiwa hai. Sasa amekufa, bado tu unamwonea?”

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo nimeambiwa leo asubuhi, jikoni kwangu, na binti yangu Nasambu. Ana miaka kumi na mmoja.

Nikamwambia, “Chunga mdomo. Mimi ndiye mama yako.”

“Kwani nimesema ni nani?” akajibu.

Anataka kwenda mazishini na wenzake wa shule. Nimekataa. Nimemleta hapa kituo cha redio ili asinitoroke. Amekaa nje ya mlango huu wa studio, amenuna.

Tunayemkumbuka leo ni Mwalimu Jepkemboi. Alifariki Jumapili iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Anazikwa leo, Likuyani, kwa wazazi wake.

Mwalimu Jepkemboi alifundisha watoto wetu kusoma ramani na kuisoma ardhi. Hakufundishia darasani. Alianzia Muliro Gardens, hapa mjini. Watoto walihesabu hatua kutoka lango hadi benchi, wakachora. Wakishaiweza bustani, aliwapeleka msitu wa Kakamega. Huko waliinama mtoni Isiukhu, wakachota maji kwenye chupa, wakangoja tope litulie. Aliwauliza, “Hili tope ni la shamba la nani?” Kila Jumamosi. Miaka kumi na saba.

Kaka yake, Kiprotich, aliniambia kwa simu: “Huyo tangu utotoni alikuwa anakujanga na mawe mfukoni. Mama anafua, mawe yanaanguka kwa karai. Mama anamuuliza, ‘Wewe utaolewa na jiwe?’”

Nyumbani kwangu, jina lake lilikuwa wimbo. Mwalimu amesema hivi. Mwalimu anakunywa chai bila sukari. Siku moja Nasambu akakataa sukari. Mimi niliyemzaa, nilimbembeleza miaka mitatu anywe uji, hakuniiga hata kufunga kitambaa.

Basi mwezi uliopita wazazi tulialikwa msituni. Kila mzazi alipewa ramani, atafute watoto walipo. Yangu ilionyesha alama yao juu kabisa ya karatasi. Nikasema, rahisi. Huku kwetu mtu akikwambia “huko juu”, unapanda. Nikapanda kilima cha Lirhanda kwa viatu vya kanisani. Kileleni nikakuta pango la popo na upepo. Watoto walikuwa chini, ng’ambo ya kaskazini, wanakula mahindi.

Nilipofika nikihema, Mwalimu Jepkemboi alinishika mkono. “Mama Nasambu, juu ya karatasi si mlimani. Ni kaskazini tu.” Hakunicheka. Watoto ndio walicheka. Aliyecheka zaidi ni wangu, ameegemea bega la mwalimu kama aliyeota hapo.

Wasikilizaji wapendwa, lile bega liliniuma kuliko malengelenge.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Nasambu abaki, kuna kufua. Jumamosi ya pili, kuna kufua. Ya tatu, hakukuwa na nguo chafu. Nilizilowesha safi.

Jumamosi tatu. Baada ya ile ya pili, Mwalimu alinipigia. Nikamwambia mtoto ana mafua. Akasema, “Pole yake. Mpe limau.” Akakata. Hakuniuliza zaidi, na hilo pia lilinikera.

Kiprotich ameniambia jambo jingine. Jumamosi ile ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Dada yake aliita majina ya watoto kando ya mto. Akafika kwa Nasambu. Akangoja, akatazama njia. “Watoto wakamwambia hayuko. Yeye akasema, ‘Tungojeni kidogo.’ Wakangoja.”

Hapakuwa na mafua nyumbani. Nilikuwa na wivu. Nausema hapa kwa sababu nilimdanganya mtu mwema, na siwezi tena kumpigia simu.

Kwa Mzee na Mama huko Likuyani, kwa Kiprotich na ndugu zenu wote, poleni sana. Mungu awashike. Mlitulelea mtu, nasi tukamtumia.

Na wewe mzazi unayenisikia, jiulize. Kuna mtu anampenda mtoto wako vizuri, nawe umemfungia mlango? Mtoto akipendwa na wawili, hakuna aliyepunjwa. Nimechelewa kulijua. Wewe usichelewe.

Ni saa tatu kasoro dakika tano. Naliona basi la shule hapo langoni, kupitia dirishani. Dereva, Bwana Masinde, anawapakia watoto wa mjini. Nimesema asubuhi haendi. Sasa nasema anaenda. Ngojeni, nisogeze kiti.

“Nasambu! Inuka. Basi hilo. Usinitazame hivyo, kimbia. Chukua sweta yangu, Likuyani kuna baridi. Ukifika kaburini, mwambie hukuwa na mafua. Mwambie ni mimi. Haya, nenda!”

Wasikilizaji wapendwa, huo mlango mliousikia ukibamizwa ni yeye. Namwona dirishani, ameshapanda basi.